Asante ya Mbwa Mzee Siyo Nzi

Wasee, leo sina kichekesho. Mliokuja kucheka rudini kesho. Leo nimekuja na hasira, na hasira yenyewe ni ya masikio. Masikio ya mbwa. Ndiyo, umesoma vizuri.

Kabla hujaendelea, fanya kitu kimoja. Kama nyumbani kwenu kuna mbwa aliyezeeka, toka nje, umshike kichwa polepole, uangalie ncha za masikio yake. Ukikuta vigaga vyeusi, manyoya yametoka, damu imegandia pembeni, na nzi watatu wanne wamekaa hapo kama watu waliolipa kodi, basi hii posti ni yako. Na usiniambie eti ni kawaida. Hilo neno ndilo limenileta hapa. Si kawaida. Ni uzembe tulioishi nao mpaka tukausahau jina.

Msimamo wangu ni huu, nausema mapema ili usiseme nilikuzungusha: mbwa aliyekulinda miaka kumi akiachwa aliwe na nzi akiwa hai, mwenye makosa si nzi. Ni wewe. Ni mimi pia, na hapo nitafika.

Wacha nianze na Bosco.

Bosco alikuja kwetu mwaka wa 2012 ndani ya katoni ya maziwa, mimi nikiwa darasa la pili. Hana ukoo wa kujivunia. Ni yule mbwa wetu wa Kenya, rangi ya udongo, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Tunaishi pembeni ya mji, pale lami inapoishia, ambapo ploti moja ina nyumba ya ghorofa na inayofuata ina ng'ombe. Usiku mmoja wezi walikata waya wa ua wetu. Mathe alikuwa peke yake na sisi watoto. Bosco alimshika mmoja suruali na hakuachilia hata alipokatwa panga begani. Majirani walitoka, wezi wakatoroka. Kovu la begani lipo mpaka leo, na mgeni akija lazima mathe amsimulie.

Sasa Bosco ana miaka 13. Hasikii. Jicho moja lina ukungu. Miguu ya nyuma imekaza, akitaka kusimama ni lazima apange kwanza. Mchana kutwa analala juani karibu na ukuta, kwa sababu baridi inamuuma viungo. Upande wa pili wa huo ukuta kuna zizi la jirani na rundo la mbolea linalofika kiunoni.

Unaona inaenda wapi.

Mwaka jana, msimu wa mvua ndefu, nilimrekodi Bosco akitikisa kichwa. Nzi wanaruka, wanarudi. Anatikisa tena, wanaruka, wanarudi. Nikaweka mdundo chini yake, ikaonekana kama mzee anacheza kwenye harusi. Maze, ile klipu ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Watu walichekaa. Mtu mmoja tu aliandika: "Huyo mbwa hachezi, anaumwa." Nikamjibu kwa kale kakatuni ka kucheka mpaka machozi.

Siku tatu baadaye nikaona vidoti vya damu ukutani, pale anapolala. Nikadhani ni rangi. Nikamshika kichwa, kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi nikamwangalia vizuri. Ncha ya sikio la kushoto haikuwa ncha tena. Ilikuwa kidonda kimepasuka, na kila alipotikisa kichwa damu iliruka ukutani. Ile "densi" yote ilikuwa mzee anajaribu kufukuza kitu kinachomla.

Nimeifuta ile video. Lakini kufuta hakurudishi sikio. Kwa hivyo ninapowaambia leo kwamba tunafanya kitu kibaya, sisemi kutoka juu ya mti. Nasema nikiwa hapo chini, na damu kwa mikono.

*Sasa huyo nzi ni nani?*

Wengi tunadhani nzi ni nzi. Zii. Yule wa jikoni anayezurura kwa sukari hana mdomo wa kuuma, analamba tu. Yule aliyemla Bosco anafanana naye sana, ukubwa ni uleule, rangi ni ileile, lakini ukimwangalia kwa karibu utaona mdomo umechomoza mbele kama sindano. Wataalamu humwita Stomoxys calcitrans, nzi wa mazizini. Anaishi kwa damu. Kwa mbu ni jike tu anayeuma. Kwa huyu, dume na jike wote wanafyonza. Anakuja mchana kweupe, anadunga, na akifukuzwa kabla hajashiba anarudi palepale au anahamia mnyama mwingine.

Kwa ng'ombe huwa anapenda miguu. Kwa mbwa anapenda masikio, hasa ncha, kwa sababu ngozi ni nyembamba, manyoya ni machache, na damu iko karibu. Mbwa wa masikio yaliyosimama anaumwa nchani. Yule wa masikio yaliyolala anaumwa pale sikio linapokunjika. Jeraha moja linatoa damu, damu inaita nzi wengine, nao wanafungua jeraha upya. Ndiyo maana halikauki.

Na kwa nini mzee? Kwa sababu mbwa kijana anaruka, anabweka, anahama, anamdaka nzi hewani akimtafuna. Mbwa mzee analala. Viungo vinauma, kwa hivyo hahami. Hasikii mvumo. Akili yake imechoka, na wakati mwingine anakojoa palepale alipolala, matandiko yananuka, nzi wanazidi. Yule mnyama anayehitaji ulinzi zaidi ndiye tumemwacha na ulinzi kidogo zaidi.

Halafu kuna jambo la pili ambalo ni baya zaidi. Nzi wa kijani, wale wanaong'aa kama chupa, hawaumi. Wao wanatafuta kidonda kilicholowa au manyoya yaliyochafuka, nyuma karibu na mkia, wanataga. Mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Funza wanaingia kwa nyama. Mbwa mzee mwenye manyoya mengi anaweza kuwa na funza chini ya manyoya na wewe unampita kila asubuhi ukienda stejini, unasema "sasa Simba." Kwa hivyo "kajeraha tu ka nzi" si kajeraha tu. Ni mlango umefunguliwa.

Kwa wale mko karibu na Lambwe kule Homa Bay, au Shimba Hills kule Kwale, kuna mwenzake hatari zaidi: mbung'o. Huyo anaweza kumpa mbwa vijidudu vya ugonjwa ule unaoua ng'ombe, nagana. Homa, kukonda, damu kupungua, macho kuingia ukungu. Ukiona hivyo usisubiri Jumatatu. Tafuta daktari siku hiyo.

*Dawa za kienyeji za mtaa wetu*

Nilipoona lile sikio nilimpigia anko. Anko ana dawa ya kila kitu. Akasema, "Oli chafu, kijana. Ile ya kumwaga kwa gari. Mpake hiyo, hutaona nzi tena." Alikuja nayo mwenyewe kwa chupa ya soda. Akampaka Bosco masikio yote na shingo.

Nzi walipotea kweli, siku moja. Jioni Bosco akaanza kutapika. Alikuwa amejifuta sikio kwa mguu wa mbele, akalamba mguu. Asubuhi ngozi ya sikio ilikuwa nyekundu kama imemwagiwa maji moto. Nilimbeba kwa boda, mimi nyuma, yeye katikati, amefungwa leso ya shosho, mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ni oli ya gari ama ya pikipiki?" Vile aliuliza nikajua sisi si wa kwanza wiki hiyo.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili ndilo limeniudhi zaidi. Kila mtaa una hizi dawa na kila mtu anazirithi bila kuuliza:

Oli chafu. Ina mabaki ya mafuta yaliyoungua na chembe za vyuma vizito. Inachoma ngozi, na mbwa akilamba inaingia tumboni. Mbwa mzee mwenye ini na figo zilizochoka hawezi kuibeba.

Mafuta ya taa. Vilevile. Yanachoma, na mbwa akiyameza yakateleza mpaka kwenye mapafu, hiyo ni nimonia.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hii ndiyo wajanja wanapenda. Unaenda agroveti, unaomba "kidogo tu ya mbwa," unapimiwa kwa kifuniko cha chupa, unapaka bila kusoma. Dawa nyingine za aina hiyo zina amitrazi, ambayo ikizidi inamlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Nyingine ni za jamii ya sumu zinazomfanya atoe udenda na kutetemeka. Kipimo cha ng'ombe wa kilo mia nne si kipimo cha Bosco wa kilo kumi na nane. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne.

Dawa ya mbu ya binadamu. Ile yenye DEET ni ya ngozi yako wewe usiyejilamba. Mbwa hujilamba. Mafuta ya mti wa chai nayo, yale ya kununua mtandaoni, yakiwa makali ni sumu kwake.

Na wewe unayesema "mimi humpa kidonge cha kupe, kwa hivyo yuko sawa." Pole. Vile vidonge vya kisasa ni vizuri kwa kupe na viroboto, lakini vinafanya kazi mdudu akishauma. Havimfukuzi nzi. Kwa sikio la mzee hiyo ni kufunga mlango mwizi akiwa tayari sebuleni.

*Nimezisoma komenti zenu*

Nilipoweka picha ya Bosco na bandeji, nilipata majibu ya aina tatu. Nitayajibu moja moja, kwa heshima, lakini nitayajibu.

La kwanza: "Ni mbwa tu."

Sawa. Ni mbwa tu. Lakini usiku ule wezi walipokuja hukusema ni mbwa tu. Ulipoandika langoni "MBWA KALI" kwa rangi nyekundu hukusema ni mbwa tu. Ulijivunia. Ulilala usingizi mzito kwa sababu kuna mtu alikuwa macho kwa niaba yako, bila mshahara, bila likizo, kwa ugali wa jana. Tunasema asante ya punda ni mateke. Huyu hajakupiga teke hata siku moja. Aliyegeuka punda hapa ni wewe.

La pili, na hili ndilo zito: "Kuna watoto wanalala njaa Kenya hii, na wewe unalilia sikio la mbwa."

Hili silichezi. Najua njaa, tumelala na chai ya rangi zaidi ya mara moja. Lakini niambie ukweli: kusafisha rundo la mbolea kunamnyang'anya mtoto gani chakula? Kuhamisha mnyororo kutoka jua la mavi hadi kivuli kunagharimu bei gani? Maji ya vuguvugu na chumvi ni bajeti ya wizara gani? Karibu kila kitu nitakachokuambia hapa chini ni kazi ya mikono, si pesa. Na nimegundua kitu: wale wanaoleta hoja ya watoto wenye njaa kwa posti ya mbwa, sijawahi kuwaona kwa posti ya watoto wenye njaa. Huruma haiishi kama sukari, eti ukimpa mmoja mwingine akose. Mtu anayeweza kumpita kiumbe anayeliwa akiwa hai, kila siku, langoni kwake, na asihisi chochote, siamini kwamba ameiweka huruma yake benki akingojea watoto.

La tatu: "Si amezeeka, atakufa tu."

Na wewe je?

Sisemi hivyo kwa ujeuri. Fikiria shosho yako. Hasikii vizuri, miguu imekaza, analala juani kwa sababu ya baridi ya mifupa. Kuna siku mtu atauliza kama inafaa kumnunulia dawa kwa sababu "si amezeeka." Tabia hujengwa kidogo kidogo. Ukijifunza kwamba thamani ya kiumbe inaisha siku anapoacha kukufaa, hilo somo halitabaki kwa mbwa. Litapanda ngazi mpaka liingie nyumbani. Na kama kweli mzee anaumwa kiasi kwamba hakuna cha kufanya, kuna daktari na kuna sindano ya kumpumzisha bila maumivu. Hiyo ni heshima. Kumwachia nzi wamalize kazi ni uoga.

*Basi tufanye nini?*

Hii ndiyo sehemu ya kutunza. Kila kitu hapa nimekifanya, au daktari alinieleza akiwa amemshika Bosco.

Kwanza, sikio. Osha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, lainisha kigaga usikibandue kwa nguvu, kausha kwa kitambaa safi. Kidonda kikiwa wazi, mwone daktari akupe dawa ya kupaka ya wanyama. Kikishafunga, paka mafuta mazito ya mgando, yale ya kawaida ya kupaka mtoto, yasiyo na manukato, safu nyembamba nchani. Hayaui nzi, lakini yanamsumbua asipate pa kudunga, na yanazuia ngozi isipasuke.

Pili, dawa ya kufukuza. Muulize daktari dawa iliyotengenezwa kwa mbwa. Kuna vipulizi vyenye pairethrini, na hapa nataka ucheke kidogo: hiyo pairethrini hutoka kwa pareto. Yale maua meupe ya Molo na Nyandarua. Kenya iliongoza dunia kwa pareto kwa miaka mingi, halafu sisi wenyewe tunapaka mbwa oli ya lori. Jua huivunja haraka, kwa hivyo lazima urudie kama ulivyoelekezwa. Kuna pia matone ya mgongoni yenye permethrini ambayo humfukuza nzi anayeuma. Lakini shika hili kwa nguvu: permethrini inaweza kumuua paka. Kama paka wako hulala akimkumbatia mbwa, mwambie daktari kabla hujanunua.

Tatu, mahali. Nzi wa mazizini ni wa mchana na wanapenda kuta zenye jua, na mzee naye anapenda jua. Hapo ndipo wanakutana. Mpe jua la asubuhi mapema, halafu mhamishe ndani au kwenye kivuli chenye upepo. Kama una stima na feni kuukuu, mwashie. Nzi hasimami vizuri kwenye upepo. Kama huna, weka wavu wa dirisha mbele ya kibanda, uache hewa ipite. Mimi nilitumia mbao za kreti na kipande cha wavu, nusu saa nikamaliza.

Nne, matandiko. Gunia lililolowa mkojo ni mwaliko. Badilisha, fua, anika. Manyoya ya nyuma yakichafuka, yapunguze kwa makasi. Kila jioni mpapase mwili mzima. Usiangalie tu, papasa. Ukisikia pamelowa au panarukaruka chini ya manyoya, huyo ni funza, na hiyo ni safari ya daktari leo.

Tano, mnyororo. Mbwa mzee aliyefungwa kwa mnyororo wa mita moja karibu na choo hawezi kukimbia nzi hata akitaka. Kama lazima umfunge, mfunge mahali ambapo anaweza kuchagua jua au kivuli. Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iko kwenye vitabu tangu miaka ya 1960. Haizungumzii kupiga pekee. Kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima kwa kutofanya ulichopaswa kufanya pia ni kosa. Kwa hivyo yule jamaa anayesema "mbwa wangu, mambo yangu" hajasoma.

*Na sasa, ule ukuta*

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo lilinifunza zaidi.

Unaweza kupaka masikio mpaka mikono ianguke. Kama upande wa pili wa ukuta kuna kiwanda cha nzi, utashindwa. Huyu nzi hutaga kwenye nyasi zilizooza, mabaki ya lishe yaliyochanganyika na mkojo na mavi ya ng'ombe, kitu chochote chenye unyevu kinachooza. Kukiwa na joto, yai huwa nzi mzima kwa muda wa wiki mbili hadi tatu hivi. Maana yake ni nini? Rundo likivunjwa kila wiki, kizazi kizima kinakufa kabla hakijaota mabawa. Mbolea ikitandazwa nyembamba inakauka, na kwenye ukavu buu hawezi kuishi.

Nilipolijua hilo nilichemka. Nikavaa viatu niende kwa jirani nimwambie vile mbolea yake imemla mbwa wetu. Shosho alikuwa amekaa nje akichambua njahi. Akaniuliza, "Unaenda na nini?" Nikasema, "Na ukweli." Akasema, "Ukweli bila salamu ni matusi. Kaa chini."

Akaenda yeye. Alibeba njahi kidogo kwa sufuria. Akamsalimia jirani, akauliza habari za watoto, akauliza habari za ng'ombe. Jirani akasema ng'ombe wanapiga miguu chini siku nzima na maziwa yamepungua. Shosho akamwambia, "Ni wale nzi, baba. Wanaotoka kwako wanakula mbwa wetu, lakini wanakula ng'ombe wako kwanza." Na ni kweli kabisa. Huyu nzi akiwa wengi ng'ombe hali vizuri, hatulii, maziwa yanashuka. Jirani alikuwa anapoteza pesa kila asubuhi na hakujua.

Walikubaliana hivi: kila Jumamosi mimi naenda kumsaidia kuvunja rundo na kulipeleka shambani. Yeye anapata maziwa yake, sisi tunapata hewa, Bosco anapata masikio. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na hakifukuzi nzi pia.

Sitawadanganya kwamba nzi wameisha. Mvua ikinyesha sana wanarudi. Lakini kutoka nzi thelathini juu ya kichwa mpaka wawili watatu, hiyo ni siku nyingine kabisa kwa mzee. Sasa analala usingizi wa kweli, ule wa miguu kurukaruka akiota anafukuza mtu. Sikio la kushoto limepona likiwa fupi kuliko la kulia. Halitarefuka tena. Kila nikiliona najua lile ni deni langu, na kila Jumamosi nikiwa na koleo mkononi nalipa kidogo.

Mwisho, nina neno kwa wenzangu wa kamera. Hii mitandao imejaa klipu za mbwa wanaotikisa vichwa, punda wanaoanguka, paka wanaotetemeka, na muziki juu. Nilifanya hivyo, najua ladha ya zile namba zikipanda. Kabla hujaweka mdundo, jiulize mnyama anafanya nini hapo. Kama anaumwa, weka simu chini umsaidie. Ukitaka, rekodi unavyomsaidia. Watu watatazama hiyo pia, na hata wasipotazama, mbwa atakuwa amepona.

Kama hukubaliani nami, sawa, tupigane, niko hapa. Lakini nina sharti moja. Kabla hujaandika, toka nje kwanza, mshike mzee wako kichwa, angalia ncha za masikio. Halafu urudi uniambie eti ni kawaida.

Bosco anawasalimia. Hajui nimeandika haya. Amelala mlangoni, kivulini, na feni inavuma.